Waliofuga Upepo: Historia ya Magari ya Chaparral

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mtu aliyetaka kuunda gari la mbio la kupambana na Ferrari au Porsche alitazamiwa awe na kiwanda Ulaya, jina kubwa na urithi wa miaka mingi. Jim Hall na Hap Sharp hawakuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Walikuwa Midland, mji wa visima vya mafuta katika uwanda mkavu wa magharibi mwa Texas, Marekani. Hall, aliyezaliwa mwaka 1935, alisomea uhandisi wa mitambo katika chuo cha Caltech huko California, na ukoo wake ulikuwa na mali iliyotokana na mafuta. Sharp aliendesha biashara ya kuchimba visima. Wote wawili walikuwa madereva wa mbio. Fedha walikuwa nazo, akili walikuwa nazo, na walikuwa mbali na kila mtu aliyedhani anajua jinsi gari la mbio linavyopaswa kuwa.

Gari lao la kwanza, Chaparral 1, waliundiwa na mafundi Troutman na Barnes wa California mwaka 1961. Jina walilitoa kwa ndege wa nyika zile, anayesifika zaidi kwa kukimbia kuliko kuruka. Gari lilikuwa zuri, ila injini yake ilikaa mbele ya dereva wakati dunia nzima ya mbio ilikuwa inaihamishia nyuma. Mwaka 1962 Hall na Sharp wakaamua kuunda la kwao, katika karakana yao, kwa mikono yao na ya mafundi wachache. Mlangoni pa karakana wakawa na njia yao wenyewe ya majaribio, yenye urefu wa takriban maili mbili, iliyoitwa Rattlesnake Raceway kwa jina la nyoka wa nchi ile.

Njia ile ndiyo siri ya yote yaliyofuata. Timu nyingine zilijaribu magari siku za mbio au kwenye viwanja vya kukodi. Hall aliweza kubadilisha kipande cha bodi asubuhi, akaendesha, akapima, akarudi ndani, akakikata, na kabla ya jua kuzama akawa amekwisha kukijaribu tena. Kasi hiyo ya kujifunza haikuweza kununuliwa na kiwanda chochote cha Ulaya.

Pua iliyotaka kupaa

Gari jipya, Chaparral 2, lilionekana kwa mara ya kwanza mashindanoni Riverside, California, mwezi Oktoba 1963. Mwili wake ulikuwa wa ajabu kwa wakati ule. Washindani wao walijenga magari juu ya fremu ya mabomba yaliyochomelewa, kisha wakaivisha bati. Hall alishirikiana na wataalamu wa faibaglasi wa Fort Worth kuunda mwili wa plastiki iliyotiwa nguvu kwa nyuzi za kioo, mwili ambao wenyewe ndio uliobeba injini, matairi na dereva. Ulikuwa mwepesi na mgumu, na fundi aliweza kuuziba ufa kwa kitambaa cha faibaglasi na gundi yake.

Lakini umbo la kwanza la bodi lilikuwa na kasoro kubwa. Hekima ya wakati ule ilisema kazi ya bodi ni moja tu, kupenya hewa bila kukwama. Kwa hiyo magari ya mbio yalichongwa laini na mviringo, na wachache tu walijisumbua kuuliza hewa inayopita chini ya gari inafanya nini. Majaribio ya Midland yalitoa jibu. Gari lilipokaribia kilomita 190 kwa saa, pua ilinyanyuka hadi matairi ya mbele yakakaribia kuacha ardhi, na usukani ukawa hauna kazi.

Sababu yake inaeleweka kwa yeyote anayefahamu ndege inavyopaa. Hewa inayopita juu ya mgongo wa mviringo hukimbia zaidi, na presha yake hushuka. Hewa iliyobanwa chini ya pua presha yake hupanda. Tofauti hiyo hulisukuma gari juu. Tena nguvu hiyo haikui sambamba na kasi. Ukitoka kilomita 100 kwa saa kwenda 200, inakuwa mara nne, na ukifika 300 inakuwa mara tisa. Gari lililotulia kabisa kwenye kona ya polepole linaweza kumponza dereva mwishoni mwa barabara iliyonyooka.

Hall na wenzake walianza kwa kisu na faibaglasi. Walibadilisha sehemu ya chini ya pua, kisha wakaongeza kizuizi kilichoshuka karibu na ardhi ili hewa nyingi isipate nafasi ya kuingia chini. Juu ya matairi ya mbele wakatoboa matundu ya kutolea hewa, kwa kuwa tairi linalozunguka ndani ya bodi husukuma hewa na kuijaza pale, na presha ile nayo huinua pua. Nyuma wakaongeza ukingo uliosimama, ambao hewa iliugonga na kuukandamiza mkia chini. Hakuna hata kimoja kati ya vipande hivyo kilichokuwa kizuri machoni. Kila kimoja kiliwekwa kwa sababu kipimo kilisema kinahitajika.

Upimaji wenyewe haukuhitaji maajabu. Springi ya gari hujibana na kutanuka kwa kiasi kinachojulikana kwa kila kilo. Ukijua gari limeinuka au limeshuka kwa milimita ngapi kwenye kasi fulani, unajua hewa imelisukuma kwa kilo ngapi. Mafundi wa magari ya mbio hadi leo hubandika nyuzi fupi za sufi juu ya bodi na kuzipiga picha gari likikimbia. Uzi ukilala sawasawa, hewa imeshikamana na bodi. Ukitikisika na kugeuka nyuma mbele, pale hewa imevurugika, na tundu lolote la kupozea litakalowekwa pale halitavuta kitu.

Mwaka 1964 Hall alitwaa ubingwa wa mbio za magari ya michezo za Marekani, USRRC. Machi 1965 yeye na Sharp walishinda saa 12 za Sebring, Florida, siku ambayo mvua ilinyesha hadi njia ikawa mfereji na magari yakatambaa ndani ya maji. Gari la karakana ya Texas liliwashinda Ferrari na Ford.

Joto nalo ni suala la hewa

Wanaoandika historia ya Chaparral hukimbilia kwenye mabawa, wakairuka habari ya rejeta. Ni kosa, maana bila rejeta kuhama, bawa lisingeleta manufaa yale.

Desturi iliweka rejeta puani. Hewa iliingia kwa mbele, ikapita kwenye rejeta, ikatoka chini ya gari au ndani ya matundu ya matairi. Mpango huo una madhara matatu. Hewa inayotoka chini ya pua huongeza presha pale pale pasipotakiwa. Maji ya moto husafirishwa kwa mabomba marefu kutoka injini iliyo nyuma hadi mbele na kurudi, yakipita ubavuni mwa dereva na kumwoka akiwa kazini. Tena uzito wa rejeta na maji yake unakaa mbele, wakati matairi ya nyuma ndiyo yanayosukuma gari.

Kuna jambo jingine ambalo fundi asiyepima huliona kinyume. Wengi hudhani rejeta inataka hewa ya kasi, kwa hiyo wanapanua tundu la mbele kadiri wawezavyo. Tundu kubwa humeza hewa isiyohitajika na kuongeza ukinzani, na gari linapoteza kasi. Kinachofaa ni tundu dogo kiasi, linalofuatwa na njia inayopanuka taratibu. Hewa ikiingia kwenye njia hiyo hupunguza mwendo na kuongeza presha, ikapita polepole kwenye mapezi ya rejeta na kubeba joto zaidi kwa ukinzani mdogo. Kingo za rejeta lazima zizibwe kabisa, kwa sababu hewa hutafuta upenyo rahisi, na ikipata mwanya wa kidole itapita hapo na kuiacha rejeta ichemke. Mwisho, njia ya kutokea lazima ielekee mahali penye presha ndogo. Asiyeipangia hewa njia ya kutoka hata akiikaribisha ndani kwa tundu la ukubwa gani haitamsaidia.

Katika Chaparral 2E ya mwaka 1966, Hall aliiondoa rejeta puani. Alizigawa mbili, akaziweka ubavuni, kulia na kushoto, mbele ya matairi ya nyuma, jirani na injini. Mabomba yakawa mafupi, dereva akapoa, uzito ukarudi nyuma. Zaidi ya hayo, pua ikabaki tupu. Pale palipokuwa na rejeta akatengeneza njia ya hewa iliyoingia kwa mbele na kutokea juu ya pua. Hewa iliyotupwa juu iliisukuma pua chini. Kile kilichokuwa chanzo cha pua kuinuka kiligeuzwa kuwa dawa ya kuishikilia.

Bawa

Wazo la kulikandamiza gari kwa bawa halikuzaliwa Texas. Mwaka 1956 kijana Mswisi, mhandisi Michael May, alifunga bawa juu ya Porsche 550 yake na kulipeleka kwenye mbio za kilomita 1000 za Nürburgring, Ujerumani. Dereva aliweza kubadili mwinamo wa bawa hilo. Waandalizi walimkatalia kushindana nalo, na wazo likalala miaka kumi.

Hall aliliendea jambo hili hatua kwa hatua. Mwaka 1965, katika Chaparral 2C, aliweka nyuma ubao mpana uliobadili mwinamo kwa pedeli. Pedeli hiyo iliwezekana kwa sababu ya uamuzi mwingine. Tangu 1964 magari ya Chaparral yalitumia gia zisizo na klachi, zilizotokana na ushirikiano wa kimyakimya na idara ya utafiti ya Chevrolet chini ya Frank Winchell. Wahandisi wa Chevrolet walipata mahali pa kujaribia mawazo yao, na Hall akapata vifaa na hesabu zao. Haki ya historia inataka wote watajwe. Gari lisilo na klachi linauacha mguu wa kushoto bila kazi, na Hall akaupa kazi.

Septemba 1966, huko Bridgehampton, 2E ilijitokeza ikiwa na bawa kamili lililosimama juu ya nguzo mbili ndefu, juu kuliko kichwa cha dereva. Kila jambo katika bawa lile lilikuwa na hoja yake. Liliwekwa juu ili likutane na hewa safi isiyovurugwa na bodi. Umbo lake lilikuwa la bawa la ndege lililogeuzwa chini juu, ili livute chini badala ya kuinua. Nguzo zake hazikushikiliwa na bodi. Zilifungwa moja kwa moja kwenye vibeba-habu vya magurudumu ya nyuma, ili mzigo wa hewa uende kwenye matairi bila kuzibana springi. Lingefungwa kwenye bodi, springi zingelazimika kuwa ngumu sana kuubeba mzigo huo, na gari lingerukaruka kwenye kona za polepole.

Kisha pedeli. Bawa lililoinama linakandamiza sana, na pia linakokota gari. Kwenye kona dereva anautaka mkandamizo, kwenye barabara iliyonyooka haumsaidii. Alipokanyaga pedeli kwa mguu wa kushoto, bawa lilijilaza na kukata hewa, na mlango mdogo kwenye njia ya hewa ya puani ulijifunga ili mbele na nyuma zibaki na uwiano. Alipoondoa mguu ili afunge breki, bawa lilirudi lenyewe kwenye mwinamo wake. Dereva akawa kama nahodha anayekaza na kulegeza tanga kufuatana na upepo, kwa nyayo badala ya mikono. Utaona pia busara iliyojificha humo. Mguu ukiteleza au dereva akisahau, bawa linabaki kwenye hali ya usalama.

Oktoba 1966, Laguna Seca, California, katika Can-Am, mfululizo wa mbio za magari ya michezo za Marekani na Kanada, dereva Phil Hill alishinda kwa 2E na Jim Hall akawa wa pili. Mwaka ule ule Phil Hill na Jo Bonnier walikuwa wamekwisha kushinda kilomita 1000 za Nürburgring kwa Chaparral 2D, gari lenye paa. Mwaka uliofuata 2F, yenye paa, bawa refu na rejeta za ubavuni, ilipelekwa kupambana na Ferrari na Porsche Ulaya. Ilikuwa na kasi ya kutosha kumtia wasiwasi yeyote, lakini gia zake hazikuhimili injini ya lita 7, na mara kwa mara iliishia njiani. Julai 30, 1967, gia zilivumilia. Phil Hill na Mike Spence walishinda mbio za BOAC 500 huko Brands Hatch, Uingereza, mbele ya macho ya wahandisi wote wa Ulaya.

Mwaka 1968 mabawa yakaenea Formula 1.

Gharama ya kuiga bila kupima

Kilichofuata kinanihuzunisha kila ninapokisoma, kwa sababu kiliweza kuepukwa. Timu za Ulaya zilichukua bawa refu la Hall bila kuchukua miezi yake ya majaribio. Nguzo zikawa nyembamba, mabawa yakapanuliwa wiki hadi wiki. Mei 4, 1969, kwenye mzunguko wa Montjuïc mjini Barcelona, mabawa ya nyuma ya Lotus mbili za Formula 1 yalivunjika katika mbio zile zile. Madereva wake Graham Hill na Jochen Rindt waligonga kingo za barabara. Majuma mawili baadaye, Monaco, wasimamizi wa mbio wakayapiga marufuku mabawa marefu.

Juni 2, 1970, Bruce McLaren alikuwa anajaribu gari jipya la Can-Am huko Goodwood, Uingereza, sehemu ya nyuma ya bodi ilipochomoka. Mkandamizo wa nyuma ukatoweka papo hapo, na McLaren akafariki. Alikuwa muundaji makini na dereva hodari. Kifo chake kilithibitisha kwamba bodi imekuwa kiungo cha uhai sawa na breki na usukani, na kila komeo linaloishikilia linastahili heshima hiyo.

Hall mwenyewe alikuwa amekwisha kulipa. Novemba 1968, Las Vegas, aligonga gari lililokuwa mbele yake na kuvunjika miguu. Safari yake ya udereva wa juu iliishia hapo. Gari la 2H la mwaka 1969, lililoundwa jembamba na la chini ili kupunguza ukinzani, halikuleta ushindi, na dereva wake John Surtees hakulipenda.

Feni mbili

Bawa lina udhaifu mmoja usioepukika. Linafanya kazi gari linapokimbia tu, na kwenye kona ya polepole, pale matairi yanapohitaji msaada zaidi, halina la kutoa. Mwaka 1970, Chaparral pamoja na wahandisi wa Chevrolet walitoa jibu, na jibu hilo ni 2J.

Ilikuwa na umbo la sanduku. Nyuma yake zilikaa feni mbili kubwa, zilizoendeshwa na injini ndogo ya pekee ya aina ya magari ya theluji. Pembeni na nyuma ya bodi kulikuwa na sketi za plastiki ngumu, zilizofungwa kwa nyaya kwenye mfumo wa springi ili zibaki karibu kabisa na ardhi gari likipanda na kushuka. Feni zilifyonza hewa kutoka chini ya gari, presha ikashuka, na hewa ya nje ikaligandamiza gari barabarani. Lilikandamizwa likiwa kwenye kona ya polepole. Lilikandamizwa hata likiwa limesimama.

Julai 1970, Watkins Glen, Jackie Stewart aliliendesha kwa mara ya kwanza mashindanoni na kuandika mzunguko wa kasi kuliko wote, kabla ya breki kumwangusha. Baadaye Vic Elford alishika nafasi ya kwanza ya kuanzia huko Road Atlanta, Laguna Seca na Riverside. Riverside alimpita Denny Hulme wa McLaren kwa zaidi ya sekunde mbili katika mzunguko mmoja, pengo kubwa mno kwa mbio za kiwango kile. Gari halikuwa imara. Injini ndogo iliwasumbua, na Laguna Seca injini kubwa ilikufa kabla ya mbio kuanza. Lakini kila aliyeona saa alielewa kinachokuja.

Wapinzani walielewa pia. Walilalamika kwamba feni zinawarushia vumbi na kokoto, na kwamba sketi ni chombo cha aerodinamiki kinachosogea, kitu kilichokatazwa. Mwisho wa msimu 2J ikapigwa marufuku. Hall akajitoa Can-Am.

Naliona lile kuwa kosa. Can-Am ilijengwa juu ya ahadi ya uhuru wa kuunda, na siku uhuru ulipozaa tunda lake kubwa, waliouahidi waliufunga. Miaka minane baadaye timu ya Brabham ilileta gari la feni kwenye mbio za Sweden za Formula 1, ikieleza kwamba feni ni ya kupozea injini. Niki Lauda alishinda, na gari halikushindana tena. Mwaka 1980 Hall alikuwa kileleni kama mwenye timu. Chaparral 2K, iliyosanifiwa na John Barnard kwa kutumia mkandamizo wa chini ya gari, ilishinda Indianapolis 500 ikiendeshwa na Johnny Rutherford.

Ukihesabu vikombe, Chaparral haitakuvutia. Katika Can-Am yote walishinda mbio moja tu, ile ya Laguna Seca ya 1966, na ubingwa hawakuupata. Hesabu sasa mawazo. Rejeta za ubavuni, mwili wa nyuzi na gundi, bawa linalobadili mwinamo, mkandamizo wa chini ya gari: tazama gari lolote la Formula 1 la leo na utayaona. Magari yenyewe yamehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya mafuta la Permian Basin, Midland.

Kwa kijana anayechomelea gari lake la mbio uani, nina neno moja. Usianze kwa kuiga umbo la bawa uliloliona kwenye picha. Bandika nyuzi, ziba kingo za rejeta, pima springi zako zinashuka kiasi gani kwenye kasi gani, uandike. Hall na Sharp walianza na njia ya maili mbili, kisu na daftari, na hivyo ndivyo walivyowatangulia wenye viwanda.